Kunoa kisu cha jikoni kwa jiwe na kumalizia kwenye ngozi

Weka nyanya iliyoiva juu ya kibao, gusisha kisu kwenye ganda lake, halafu kivute taratibu bila kukandamiza. Kisu chenye makali kitazama chenyewe. Kisu butu kitateleza, na ukilazimisha, nyanya itabonyea na kumwaga maji kabla haijakatika. Fanya jaribio hilo kwanza ndipo uendelee kusoma, maana wengi wetu tumezoea visu butu mpaka tunadhani ndivyo visu vilivyo.

Nimekata kachumbari ya kuuza kwa miaka kadhaa, vitunguu kwa kilo, kila asubuhi. Kisu butu hakikati kitunguu, kinakiponda. Maji yake yanayowasha yanaruka, macho yanabubujika, bega linauma, na siku kisu kikiteleza, kinateleza na nguvu zote ulizokikandamizia, moja kwa moja kwenye kidole. Wanaochinja wanalijua hili kuliko sisi wa jikoni: Waislamu wameagizwa kunoa kisu vizuri kabla ya kuchinja, na wasikinoe mbele ya macho ya mnyama.

Tunazo njia zetu za haraka. Kitako cha kikombe, ule mduara mkavu wa chini usiong'aa, kinafanya kazi kweli, na nimekitumia mara nyingi nikiwa ugenini. Ngazi ya saruji ya uani haifai. Punje zake hazilingani, nyingine kubwa nyingine ndogo, kwa hiyo zinachana makali badala ya kuyanoa. Kisu kitakata leo na kesho kitarudi palepale.

Na jiwe la umeme linalozunguka kwa kasi, kaa nalo mbali. Kisu changu cha kwanza kizuri nilikipeleka kwa fundi mmoja wa mtaani mwenye mashine ya namna hiyo. Cheche ziliruka, nikafurahi. Nilipofika nyumbani nikaona doa la rangi ya buluu pembezoni mwa makali, karibu na ncha. Buluu ile ni alama kwamba chuma kimepata joto la kama digrii 300, na chuma cha kisu kikifikia hapo kinapoteza ugumu kilioupata kiwandani. Sehemu ile haikukaa na makali tena, nikiinoa leo kesho imelala. Ilibidi niile kwa jiwe, kidogo kidogo, kwa miezi, mpaka nikafika kwenye chuma kizima. Wale wanoaji wa baiskeli wanaozungusha jiwe kwa miguu hawana hatari hiyo kwa kiasi kile, hasa wakiwa na kopo la maji pembeni.

Jiwe la mkono, yaani kinoo, halichomi kisu. Linachukua muda, lakini kazi yote unaiona na kuigusa kwa vidole. Na ukikubali jambo moja tu kutoka kwangu, kubali hili: usihame upande wa kwanza wa kisu kabla hujaupata upindo. Nitaueleza ukifika wakati wake.

Vifaa

Mawe yana namba. Namba ndogo ina punje kubwa na inakula chuma haraka, namba kubwa ina punje laini na inasawazisha. Kwa nyumba ya kawaida, jiwe moja lenye pande mbili linatosha: namba 1000 upande mmoja, na 3000 au 6000 upande wa pili. La 1000 ndilo linalonoa, hilo lingine linasafisha kazi. Kama kisu kimeliwa meno au kimekaa butu miaka, utahitaji pia jiwe la namba 400 au chini yake.

Yale mawe ya kijivu yanayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, yenye upande wa kukwaruza na upande laini, ni mazuri kwa panga na jembe, na kwa kisu kilichoharibika sana. Ila usidanganyike na jina la upande laini. Upande huo bado unakwaruza kuliko jiwe la 1000. Ukiwa na hilo tu, litumie, kisha ongeza msasa wa maji namba 1000 uliobandikwa juu ya kipande cha kioo kinene au kigae. Nimenoa hivyo kwa zaidi ya mwaka kabla sijapata jiwe la maana, na kachumbari ilikatika.

Vitu vingine vyote unavyo nyumbani: kitambaa cha kuloweka, bakuli la maji, maka peni, gazeti, na kipande cha ngozi ya ng'ombe. Ngozi tutaifikia.

Jiwe kwanza

Mawe mengi ya maji yanataka kulowekwa dakika 10 hadi 15. Litumbukize kwenye beseni na uangalie vipovu vinavyopanda. Vikikoma, jiwe limeshiba. Mengine hayanywi maji kabisa, hayo yanyunyizie tu juu wakati wa kazi. Usitumie mafuta ya kupikia. Yanaganda, yanaziba vitundu, na jiwe lililozibwa linateleza tu bila kula chuma.

Tandika kitambaa kilicholowa mezani, weka jiwe juu yake. Lisukume kwa nguvu. Likisogea hata kidogo, rekebisha kabla ya kushika kisu. Meza ifike kiunoni au chini kidogo ya hapo, ili mikono ishuke bila kuinua mabega. Watoto watoke jikoni.

Pembe ya kukilaza kisu

Hapa ndipo watu wanapokata tamaa, na hakuna sababu. Kisu cha kawaida cha chuma kisichoshika kutu, kama vile vya Tramontina vya Brazil tulivyo navyo nyumba nyingi, au vya Kijerumani, kina chuma cha ugumu wa wastani na kinapenda pembe ya karibu digrii 20 kila upande. Visu vya Kijapani vina chuma kigumu zaidi, kwa hiyo vinaweza kubeba makali membamba ya digrii 15 bila kukunjika. Kisu cha mhunzi kilichofuliwa kutoka kwenye springi ya gari ninakiwekea 20. Hicho kinanoleka haraka kuliko vyote, ila kinashika kutu usipokikausha.

Huhitaji chombo cha kupimia. Chukua rula, pima upana wa bapa kutoka makali hadi mgongo wa kisu. Ukigawanya upana huo kwa 3, unapata kimo cha kuinua mgongo juu ya jiwe kwa pembe ya karibu digrii 20. Ukigawanya kwa 4, unapata karibu 15. Kisu cha upana wa milimita 45, basi, mgongo wake uinuke milimita 15 kwa pembe ya kwanza, na 11 hivi kwa ya pili. Kata kipande cha mti au kadibodi cha kimo hicho, kiegemeze chini ya mgongo, uone mkono umekaaje. Kisha kiondoe. Ni cha kukumbusha mkono tu.

Halafu chukua maka peni, paka wino kwenye ukingo wa makali, pande zote mbili. Piga mikwaruzo mitatu minne kwenye jiwe na utazame. Wino ukitoka mpaka kwenye ncha kabisa ya makali, pembe iko sawa. Ukibaki mstari mwembamba wa wino kwenye makali yenyewe huku juu yake pamesafishika, umelaza kisu mno. Ukitoka kwenye makali tu na kubaki juu, umekiinua mno. Wino hausemi uongo, nao umenifundisha kuliko maelezo yote niliyowahi kupewa kwa mdomo.

Upande wa kwanza, mpaka upindo

Shika mpini kwa mkono wa kulia (wa shoto wageuze), kidole gumba au cha shahada kikiwa juu ya mgongo ili kulinda pembe. Vidole viwili au vitatu vya mkono wa kushoto viweke juu ya bapa, karibu na makali lakini visiyafikie. Hivyo vidole ndivyo vinavyosema jiwe lile wapi: chuma kinaliwa pale vilipo.

Gawanya kisu mafungu matatu. Anza na sehemu ya karibu na mpini, kisha katikati, kisha ncha. Sukuma na kuvuta jiwe zima, polepole, mara 15 au 20 kwa fungu, kisha sogeza vidole. Ukifika kwenye ncha, pale makali yanapopinda, inua kiwiko kidogo ili mpini upande na makali yaendelee kugusa jiwe. Usipofanya hivyo ncha inabaki butu, na ndiyo sehemu unayoichomea nyanya.

Kuhusu nguvu, kama una mizani ya jikoni, weka jiwe juu yake siku ya kwanza, ubonyeze mpaka isome kilo moja na nusu. Hiyo inatosha kwa kazi ya kula chuma. Wengi wanabonyeza kilo tano na kushangaa kwa nini pembe inayumba.

Tope la kijivu litajitokeza juu ya jiwe. Usilioshe, ndilo linalofanya kazi. Ongeza matone ya maji linapoanza kukauka, basi.

Sasa upindo. Chuma cha makali kikishaliwa vya kutosha upande huu, kinakuwa chembamba kiasi kwamba kinakunjika kidogo kuelekea upande wa pili, kama upindo wa nguo. Huuoni kwa macho kirahisi, unausikia. Weka pedi ya kidole gumba kwenye bapa la upande ambao hujaunoa, kisha itelezeshe kutoka mgongoni kuelekea makali na kutoka nje hewani. Usitembeze kidole kwa urefu wa makali, abadani. Mahali upindo ulipo, kidole kitakwama kidogo kwenye kitu kama ukucha uliokatwa vibaya. Mahali ambapo haupo, kidole kitateleza na kutoka bila kukwama. Usipoiamini ngozi yako, pitisha kipande cha pamba vivyo hivyo. Upindo utanasa nyuzi zake.

Upindo ndio ushahidi kwamba umefika kwenye makali yenyewe. Bila huo, umesugua ubavu wa kisu tu. Na lazima uwepo kuanzia mpini hadi ncha, bila pengo. Mara ya kwanza nilikuwa nausikia katikati tu, nikageuza kisu, na kikawa kinakata katikati peke yake. Kama fungu moja halina upindo, rudi kwenye fungu hilo. Kisu butu sana kinaweza kukutaka dakika kumi kwa upande wa kwanza peke yake. Kipe muda wake.

Upande wa pili

Geuza kisu, badilisha mikono au geuza tu makali yaelekee nje, lolote lililo rahisi kwako. Pembe ileile, mafungu yaleyale. Safari hii upindo utapatikana haraka, kwa kuwa nusu ya kazi ilishafanyika. Ukiusikia umehamia upande wa kwanza kuanzia mpini hadi ncha, umemaliza kazi ya kula chuma. Kinachofuata ni kuuondoa upindo huo bila kuung'oa kwa nguvu, na hii ni kazi ya mkono mwepesi.

Kwenye jiwe lilelile la 1000, piga mara tano kila upande kwa nusu ya nguvu ya mwanzo, kisha mara tatu, kisha moja moja kwa kupokezana, kila mara ukipunguza nguvu, mpaka mwisho uzito wa kisu peke yake ndio unaogusa jiwe. Mikwaruzo ya mwisho iwe ya kwenda mbele tu, makali yakitangulia, kama unayetaka kumenya utando juu ya jiwe.

Osha kisu. Osha na mikono pia, kwa sababu punje moja ya jiwe la 1000 ikifika kwenye jiwe laini itachora mstari kila unapopita.

Jiwe la 3000 au 6000 halihitaji maelezo mengi. Mambo ni yaleyale, nguvu ndogo, mara kumi kwa fungu, na hakikisha kwa wino kwamba hujainua mgongo. Kwa kisu cha mboga na nyama cha chuma laini, sioni faida ya kupita 3000. Makali yaliyong'arishwa mno yanateleza kwenye ganda la nyanya na pilipili hoho, wakati yale yenye meno madogo yasiyoonekana yanashika. Kwa kisu cha kuchuna samaki minofu, au cha Kijapani, nenda mpaka 6000.

Ngozi

Hata baada ya jiwe laini, mabaki ya upindo hubaki yakining'inia kwenye makali, membamba mno hata kidole hakiyasikii. Ukikitumia kisu hivyo kitakata vizuri sana siku ya kwanza, kisha mabaki yale yanalala na kisu kinakuwa butu ghafla. Wanaolalamika kwamba kisu walichonoa hakidumu, mara nyingi tatizo ni hilo.

Vinyozi wa wembe wa kukunja walikuwa na mkanda wa ngozi ukining'inia ukutani kwa kazi hiyohiyo. Kwa kisu cha jikoni, mkanda unaolegea haufai sana kwa kuwa unapinda na kuyafanya makali yawe mviringo. Nenda kwa fundi viatu, umwombe kipande cha ngozi ya ng'ombe isiyopakwa rangi, urefu wa kama sentimita 25 na upana wa 5, ukibandike kwa gundi juu ya ubao ulionyooka. Upande wa nyama, wenye nyuzinyuzi, uangalie juu ukitaka kupaka dawa. Upande laini uangalie juu ukitaka ngozi tupu. Dawa ni ile ya kijani ya kung'arishia vyuma, yenye oksaidi ya kromiamu. Punje zake ni za karibu nusu maikroni, yaani ukizipanga elfu mbili kwa mstari zinafika milimita moja. Isugue kama unavyosugua kalamu ya nta, utando mwembamba tu. Kama huna ngozi, kipande cha jinzi kilichokazwa juu ya ubao kinafaa, na hata gazeti lililokunjwa juu ya jiwe kavu linasaidia.

Kwenye ngozi mwendo unageuka. Mgongo unatangulia, makali yanafuata nyuma. Ukisukuma makali mbele utaikata ngozi. Laza kisu kwa pembe ileile au pungufu kidogo, vuta kutoka mpini hadi ncha, na ukifika mwisho simama kwanza, ndipo ukiinue. Ukiinua mgongo huku kisu bado kinatembea, makali yanakuwa mviringo na umeharibu kazi ya nusu saa kwa mkwaruzo mmoja. Hili nimelirudia kuwaonya wengi, na bado mikono inapenda kulifanya. Mara kumi kila upande kwa uzito wa kisu peke yake. Zaidi ya ishirini hakuna unachoongeza.

Kupima

Simama chini ya taa, elekeza makali juu yakuangalie usoni, kiyumbishe kisu polepole. Makali mazima hayaonekani, ni mstari mweusi tu. Penye kung'aa, hata kama ni kinukta, ndipo palipo butu au palipobaki upindo. Kisha shika ukurasa wa gazeti kwa mkono mmoja na uukate kutoka juu kwa kuvuta. Sikiliza: sauti ya kukatika iwe moja, na ikikwaruza mahali, weka alama hapo kwa maka peni.

Gazeti likichanika kila mahali, hukuupata upindo. Rudi kwenye la 1000. Likikatika vizuri lakini likanasa sehemu moja, hapo upindo umebaki; rudi kwenye ngozi, au piga mara mbili tatu kwenye jiwe laini halafu ngozi. Kama kisu kinakata gazeti na bado kinateleza kwenye nyanya, umeking'arisha mno: mara mbili kila upande kwenye la 1000, kwa uzito wake tu.

Kuyalinda makali

Makali yanauawa na tunachokatia. Sahani ya bati, kigae cha kaunta, kibao cha kioo, vyote vinayalaza kwa mguso mmoja. Tumia mbao au plastiki. Ukishakata vitunguu, usivikombe kwa makali kwenda kwenye sufuria, geuza kisu ukombe kwa mgongo. Usikiache ndani ya beseni la vyombo, kinagongana na masufuria na kumkata anayeosha. Mfupa na nazi ni kazi ya panga.

Ngozi ipitie kila baada ya siku mbili tatu, dakika moja inatosha. Ukiona haisaidii tena, jiwe laini. La 1000 mimi nalihitaji kila baada ya wiki tano au sita, na hiyo ni kwa kisu kinachofanya kazi kila siku. Nyumbani unaweza kukaa miezi mitatu. Ile fimbo ya chuma unayoiona kwa muuza bucha inanyoosha makali yaliyolala, kwa hiyo nayo ina nafasi yake kwa visu vya chuma laini. Visu vigumu vya Kijapani vinaweza kumeguka ukivigonga nayo.

Jiwe nalo linachimbika katikati, na jiwe lenye bonde haliwezi kushika pembe. Kila baada ya kunoa mara tatu nne, chora miraba kwa penseli juu ya jiwe, lilaze kifudifudi juu ya msasa wa maji namba 120 au 220 uliotandazwa kwenye kioo, usugue kwa maji mpaka mistari yote ifutike. Mistari ya katikati itakuwa ya mwisho kutoka, na utashangaa bonde lilikuwa kubwa kiasi gani. Suuza, kisha lisimamishe kivulini lipate hewa mpaka likauke. Usilianike juani, litapasuka.